Mkalimani Aliyesimama Nje ya Dirisha

Wifi yangu Tabita hulala chali. Nimelala naye chumba kimoja mara nyingi tukiwa kwenye biashara Tunduma, na kila mara ni vilevile: mikono kifuani, uso juu, hageuki mpaka kunakucha. Si kwamba anapenda kulala hivyo. Akilalia ubavu tu, wa kulia au wa kushoto, anaamka kwa maumivu.

Masikio yake yote mawili yana manundu. La kulia limefikia ukubwa wa pera. La kushoto ni dogo kidogo, ila limetambaa kushuka mpaka kwenye pembe ya taya. Ni nyama ngumu inayong'aa kama imepakwa mafuta, na inawasha. Inawasha hasa jua likiwa kali, wakati yeye amekaa mbele ya magunia yake ya mchele na mikono yake inahitajika kupima, si kujikuna. Ndiyo maana hamjawahi kumwona Tabita bila kilemba. Jua liwake, mvua inyeshe, kilemba kipo, kimefungwa chini mpaka shingoni.

Yalianza kwa furaha, mambo hayo. Alipokuwa anaolewa na kaka yangu Gwakisa, shangazi zake walimtoboa masikio kwa mwiba wa mlimao ili avae hereni ambazo Gwakisa alimletea kutoka ng'ambo, Zambia. Siku ya harusi alizivaa, zikameremeta, na sisi mawifi tukapiga vigelegele. Baada ya hapo kidonda kilipona lakini kovu halikukubali kusimama. Likaendelea kukua polepole, mwaka hadi mwaka, kana kwamba limesahau kazi yake imekwisha. Hereni zilivuliwa mapema sana. Sijui ziliishia wapi.

Tabita ni mtu wa kucheka. Sokoni Tunduma miaka ile mpaka wa Zambia ulipoanza kuchangamka, watu wanavuka na vitenge, na sabuni, na mafuta ya kupikia, yeye alikuwa na kibanda cha mchele wa Kamsamba na maharage ya kwetu milimani. Jirani yake alikuwa Fanuel, kijana wa kubadilisha fedha, mwenye mdomo usio na breki. Siku moja upepo ulifunua kilemba, Fanuel akaona. Tangu hapo akampa jina.

"Mama Spika! Leo unapiga muziki gani?"

"Leo napiga mahubiri, Fanuel. Na mwenye dhambi anayehubiriwa ni wewe."

Watu wote wakaangua kicheko, Tabita mwenyewe wa kwanza. Hata wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, wakaanza kuuliza, "Ba Mama Spika bali kwi?" yaani yuko wapi, na yeye anaitika na kuwapimia mchele. Lakini jioni tukirudi chumbani anafungua kilemba, anakaa kitandani akinipa mgongo, ananiambia, "Wifi, nipulizie." Basi mimi nachukua kipande cha boksi nampepea masikio mpaka apate usingizi.

Alijaribu kila alichoambiwa. Alifungwa na uzi wa nywele za mkia wa ng'ombe ili nundu linyongeke lidondoke lenyewe. Likavimba likatoa maji, uzi ukakatwa. Fundi mmoja wa magari akampa maji ya betri apake kwa unyoya wa kuku. Hilo sitalieleza, Mungu amsamehe yule fundi. Akapaka mafuta ya kopo kutoka Nakonde, ngozi ya shingo ikabadilika rangi lakini nundu halikujali. Tukamwombea pia, mimi na akina mama wa kanisa. Maombi yalimpa amani, nundu likabaki.

Ndipo Jumapili moja likasomwa tangazo kanisani: hospitali ya misheni kule kwetu Ileje itapokea madaktari wageni wa makovu. Watu walioungua, watu wenye manundu, wenye midomo iliyopasuka, wote waje waonwe. Tabita alinikamata mkono palepale kwenye benchi. Hakuuachia mpaka baraka ya mwisho.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima niseme habari ya baba.

Baba yangu, Mzee Mbonile, alikuwa mkwewe Tabita, na kwetu milimani mke wa mtoto hamwoni baba mkwe. Si chuki, ni heshima. Hawapitani njia moja, hawakai chumba kimoja, hawaongei. Tangu siku alipoletwa nyumbani kama bibi harusi, Tabita hakuwahi kuutazama uso wa baba, na baba hakuwahi kuutazama wa kwake. Tabita akimwona kwa mbali anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Na baba naye alikuwa mwungwana. Akikaribia nyumbani alianza kukohoa tangu kwenye mibuni, kikohozi kikubwa cha makusudi, ili mkwewe apate nafasi ya kujificha. Mama alikuwa anamtania: "Mzee, leo umekohoa mpaka kuku wamejificha."

Salamu zao zilipitia kwa watoto. Tabita kwetu ni mama Ambwene, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Nenda kamwambie mama Ambwene, babu anauliza kama ameamka salama." Mtoto anakimbia, anarudi: "Babu, mama anasema ameamka, na asante kwa ndizi." Walikaa hivyo miaka mingi na walipendana kuliko wakwe wengi ninaowajua wanaokula meza moja. Mchungaji aliwahi kufundisha kwamba desturi hiyo si dhambi kuiacha wala si dhambi kuishika. Watu wakaitikia amina, wakaendelea kuishika.

Tulipanda kutoka Tunduma kupitia Mpemba kwenye lori la mbolea. Gwakisa alibaki kwenye upakiaji wa mizigo. Aliniambia, "Dada, wewe ndiye mdomo wake huko. Mimi nikija nitakaa tu kama gogo." Tukalala kwa shangazi yake Tabita, karibu na hospitali, ili tusisumbue nyumbani. Asubuhi aliamka mapema akaoga, akapaka mafuta, akafunga kilemba kipya cha buluu. Nikamwambia, "Wifi, watakuambia ukivue hicho."

"Najua. Lakini nitaingiaje kwa mgeni kama mtu aliyetoka shambani?"

Uwanja wa hospitali ulikuwa umejaa. Pembeni yetu alikaa mama mmoja wa wafugaji kutoka bondeni Kamsamba, anaitwa Stamili, mwenye kovu la moto lililomvuta shingo mpaka kidevu kikakaribia bega. Alikuwa ameshaingia ndani akatoka, kwa hiyo tukamzunguka kama mtu aliyerudi kutoka ng'ambo.

"Wanafanyaje huko ndani, mama?" Tabita akamuuliza.

"Aa, hawakati leo. Leo wanauliza tu. Maswali mengi kuliko mahakamani! Kovu lina umri gani. Umepaka nini. Nikasema nimepaka samli. Akauliza na nini tena. Nikasema mavi ya ng'ombe. Dokta akafumba macho." Stamili alicheka kwa nusu ya mdomo, nusu nyingine kovu lilikuwa limeishika. "Halafu wanaligusa, wanalipima na kamba ya fundi cherehani, wanapiga picha. Mwisho anakuuliza wewe mwenyewe unataka nini."

"Wewe ulisema unataka nini?"

"Nilisema nataka kuangalia kushoto."

"Na wamekukubalia?"

"Wamesema upasuaji ni kesho asubuhi, na nafasi ni chache. Wanaanza na wale ambao dawa zinawafaa vizuri. Nimeambiwa nisubiri hapahapa, nafasi ikipatikana wataniita. Dokta ni mwanamke, usiogope. Mikono yake laini."

Tabita alinigeukia na macho yaking'aa. Dokta mwanamke! Tulishukuru Mungu kwa hilo, kwa kuwa tulikuwa tumeliombea.

Akaitwa. Tukainuka sote wawili, tukafika mlangoni penye pazia. Na kutoka nyuma ya pazia tukasikia kikohozi.

Tabita alisimama kama aliyegonga ukuta. Kikohozi kile alikuwa anakijua kuliko sauti ya mama yake mzazi. Akageuka ghafla, akajifunika uso na kanga, akarudi mpaka kwenye nguzo ya baraza akajificha nyuma yake. Mimi nikafungua pazia kidogo. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya meza ya dokta, kofia magotini.

Mambo yalikuwa hivi. Mkalimani wa siku zote alikuwa nesi Jenista, lakini asubuhi hiyo alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji, mtoto aliyeungua alikuwa amezidiwa. Madaktari wale Kiswahili walijua cha salamu tu. Basi hospitali ikamkumbuka baba. Yeye ujana wake wote aliumaliza kwenye migodi ya shaba Zambia, na huko alipata Kiingereza chake, cha kupokea amri na kueleza hatari. Mzee wa kanisa, anakaa karibu, hakatai kazi. Walimwita naye akaja, hajui kwamba mkwewe yumo kwenye mstari.

"Baba," nikamwambia, "anayefuata ni mama Ambwene."

Baba alisimama palepale, kofia ikaanguka. "Yuko wapi?"

"Nyuma ya nguzo."

"Nitatoka. Mwambie afunge macho, nitatoka."

"Ukitoka, baba, nani ataongea?"

Dokta, mama mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alitutazama, akauliza. Baba akamweleza kwa Kiingereza, kwa muda mrefu, akionyesha mlango, akionyesha macho yake. Sikuelewa maneno ila niliona dokta anajitahidi. Hakucheka. Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayepewa habari ya msiba, akasema neno, na baba akanitafsiria: "Anauliza, je, nikigeukia ukutani?"

Nikaenda nyuma ya nguzo nikamuuliza Tabita. "Wifi, kilemba nitakivua kichwani, baba yumo chumbani? Hata akifumba macho. Hata akigeuka. Nitakuwa nimemvulia nguo baba yako."

Nikarudi. "Hawezi, baba."

"Najua hawezi," baba akasema. "Hata mimi siwezi. Ningemdharau yeye kama angeweza."

Hapo nikaona tulivyokwama. Baba akiwa ndani, kuna maneno lakini hakuna masikio ya kuonyesha. Baba akiwa nje, masikio yapo lakini maneno hakuna. Na mstari nyuma yetu unanung'unika.

Ni dokta aliyeona dirisha. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja la juu, lenye wavu, linaloelekea bustani ya mboga ya hospitali. Alilionyesha kwa kalamu. Baba akaelewa, akaokota kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma, na baada ya kitambo tukasikia kikohozi chake kutoka nje, chini ya dirisha, katikati ya kabichi. Nikamleta Tabita.

Nadhani Mungu mwenyewe alitabasamu siku ile, maana hapakuwahi kuwa na mashauri kama yale. Dokta anauliza kwa Kiingereza akiangalia juu dirishani. Sauti ya baba inarudi kwa Kiswahili: "Anauliza, yalianza lini?" Tabita hamjibu baba, ananinong'oneza mimi sikioni. Mimi nasema kwa sauti, "Yalianza alipoolewa, alipotobolewa." Baba anapeleka kwa Kiingereza. Dokta anaandika.

"Anauliza, katika ukoo wao yuko mwingine mwenye manundu ya namna hii?"

Tabita akaninong'oneza: shangazi yake mmoja, begani, palipochanjwa ndui.

"Anauliza, yanauma au yanawasha?"

Kwetu mtu akikuuliza habari, unaanza na nzuri. Tabita alikuwa tayari ameninong'oneza, "Mwambie namshukuru Mungu, si sana," nikamfinya mkono. "Wifi, huyu si mgeni wa kunywa chai. Sema ukweli." Akasema yanawasha mpaka analia.

Halafu dokta akaonyesha kilemba. Tabita alitazama dirisha. Lilikuwa juu, hakuna kichwa kilichoonekana, ila majani ya mgomba tu. Akakifungua taratibu, akakikunja mara mbili, akakiweka magotini. Dokta akavaa miwani, akayashika yale manundu kwa vidole viwili viwili, akayapima na kamba ya fundi kama alivyosema Stamili, akampiga picha kulia na kushoto. Aliyashika bila kukunja uso. Nilimwona Tabita anafumba macho, na si kwa maumivu. Hakuna mtu aliyekuwa ameyagusa kwa upole zaidi yangu mimi.

Dokta akaeleza, na baba akaleta maneno kupitia wavu, kipande kwa kipande. Kwamba kovu hili ukilikata tu, hurudi, na hurudi kubwa kuliko mwanzo. Kwamba njia ni kulikata kisha kulichoma sindano ya dawa palepale, na sindano hizo zirudiwe hapo hospitalini kwa miezi kadhaa, wauguzi wataachiwa dawa. Kwamba hata hivyo hakuna wa kuahidi, linaweza kurudi. Kwamba masikio hayatakuwa kama ya msichana, alama itabaki.

"Anauliza," sauti ya baba ikasema, ikiwa na furaha sasa, maana aliona kazi inaenda, "anauliza, mama mwenyewe anataka nini?"

Tabita hakuninong'oneza. Alisahau. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, "Nataka nilale ubavu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ile baba kusikia sauti ya mkwewe ikisema haja yake. Kisha akakohoa, akaipeleka kwa Kiingereza. Dokta akainua kichwa, akatabasamu, akaandika, akamwonyesha Tabita kidole kimoja: kesho. Nafasi ilikuwepo. Nikasema moyoni, Ee Bwana, asante.

Lilikuwa limebaki swali moja tu.

Dokta aliliuliza akiwa bado anaandika, kama mtu anayefunga mlango. Tukasubiri. Dirishani hakuna kitu. Akaliuliza tena, akiinua sauti. Kuku alilia mahali kwenye bustani. Dokta akatuangalia, akaweka kalamu chini, akachora kwa mkono wake duara mbele ya tumbo lake mwenyewe, kisha akaonyesha chupa ya dawa, kisha akaonyesha tumbo la Tabita na kukunja uso wa kuuliza.

Mimi nilielewa. Alitaka kujua kama ana mimba, kwa sababu ya ile dawa.

Na baba pia alikuwa ameelewa, kwa Kiingereza, kabla yetu. Aliulizwa amwulize mke wa mwanawe habari za siku zake na za tumbo lake. Hilo hata mume wake mwenyewe haulizwi mbele ya watu.

Tabita akainamisha kichwa, akavuta kilemba kutoka magotini, akajifunika uso mzima. Kwetu mwanamke akiulizwa habari ya mimba hajibu, huinamisha macho, awe nayo asiwe nayo. Na yeye alijua baba mkwe yuko chini ya dirisha, anasikia hata pumzi.

"Wifi," nikamnong'oneza, "unayo?"

"Baba yupo," akasema ndani ya kitambaa. "Nyamaza, baba yupo."

Dokta aliona kichwa kilichoinama. Nadhani kwao aliyeinama amekubali. Nikapanda juu ya kigoda nikachungulia dirishani. Kabichi tu. Nyayo za viatu vya baba zilikuwa kwenye udongo uliomwagiliwa, zimekwenda kuelekea uzio.

"Ameondoka! Wifi, sema, baba ameondoka!"

"Sina," Tabita akasema haraka, akifunua uso. "Sina, mwambie dokta sina!"

Lakini kumwambia kwa lugha gani? Nilipunga mikono, hapana, hapana, nikashika tumbo la Tabita nikatikisa kichwa. Dokta aliniangalia mimi, akamwangalia Tabita ambaye dakika moja kabla alikuwa amejificha kama aliyekamatwa. Mmoja alikuwa ameinama, mwingine anapunga mikono. Akasema maneno kwa upole sana, akaweka mkono wake begani kwa Tabita, akafungua pazia. Alituonyesha benchi. Tusubiri.

Nilimkuta baba nje ya uzio, kwenye mibuni, amesimama akishika mti.

"Baba, rudi. Ni neno moja tu."

"Si neno, mwanangu. Ningekuwa na ulimi wa kulisema ningelisema."

"Niambie mimi, mimi nimwambie yeye. Halafu mimi nikuambie jibu."

"Na jibu hilo nitalibeba mimi mdomoni mwangu? Nimpelekee mgeni damu ya mke wa mwanangu?" Akavua kofia. "Nilijaribu. Nilifungua mdomo. Bwana aliye juu anajua nilifungua mdomo."

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, sikuwahi kumwona baba amefungwa namna ile. Sikumlaumu, na nisingeweza. Nikakimbia chumba cha upasuaji kumtafuta Jenista. Mlinzi akasema mlango haufunguliwi, kuna mtu mezani.

Tukakaa kwenye benchi. Wengine wakaingia, wakatoka. Walikuwa wakielewana na dokta kwa ishara na kwa kijana mmoja wa duka aliyejua maneno machache, naye akaenda zake kabla sijamwomba. Dokta akatoka mara mbili kuangalia kama Jenista amekuja. Mara ya pili alitutazama, akatazama saa, akamwita Stamili.

Stamili alitoka ndani akiwa hajui afurahi au vipi. Alitufuata kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya Tabita na shingo yake ile iliyopinda. "Mama, wamenipa nafasi ya kesho. Ni ya kwako?"

"Ni ya Mungu," Tabita akasema. "Pokea. Ukaangalie kushoto."

Jenista alifika jua likiwa limeshaelemea, aproni imeloa jasho, macho mekundu. Yule mtoto alikuwa amevuka hatari, tukashukuru. Aliingia kwa dokta, akatoka akakaa katikati yetu.

"Dada zangu, amenieleza yote. Hakujua afanye nini. Anasema dawa ile hawezi kumpa mwenye mimba, na bila dawa hawezi kukata, atakuharibu zaidi. Nimemwambia huna. Amesikitika kweli. Lakini orodha ya kesho imeshajaa, na kesho hiyohiyo wakimaliza wanaondoka."

"Mtu mmoja tu hawezi kuongezwa?" nikauliza.

"Dawa yenyewe imehesabiwa, dada. Amesema mwakani. Wakija mwakani wewe uwe wa kwanza, na mimi nitakaa naye mwenyewe, siendi popote."

Tabita alimshukuru kwa mikono miwili. Akafunga kilemba, akakibana shingoni.

Jioni ile baba alikaa jikoni kwa mama hakula. Aliniita. "Mwambie mama Ambwene, baba yako anasema alishindwa." Nikaenda kwa shangazi yake nikamwambia. Tabita alikuwa anachambua maharage gizani. Akasema, "Mwambie baba, nimesikia. Na mwambie hata mimi nilishindwa." Nikarudi nikamwambia baba. Akaomba maji.

Mwaka ukapita. Fanuel sokoni aliacha lile jina, sijui nani alimwambia. Tabita aliuza mchele, alilala chali, nikampepea. Mara moja moja aliniuliza kama msimu wa wageni umekaribia, kama mtu anayeulizia mvua.

Lilipokuja tangazo kwamba madaktari wageni wamefika, hatukungoja kuchagua lori. Baba alisikia tunakuja, akafunga safari kwenda kwa ndugu yake ng'ambo ya mto akakae huko mpaka yote yaishe, ili asiitwe tena kukalimani. Jenista alikuwa langoni anatungojea, kama alivyoahidi. Alimshika Tabita mkono, akawa kama hataki kusema.

"Wamekuja wengine," akasema. "Hawa ni wa macho."

"Na wale wa makovu?"

"Wameniambia hawajui. Huenda wakaja, huenda wamepelekwa nchi nyingine."

Watu walikuwa wamejipanga, wazee wengi wenye ukungu machoni, wanashikwa mikono na wajukuu. Nikamwambia Tabita twende zetu. Hakutikisika. Aliangalia mstari ule, akaenda akakaa mwisho wake.

"Wifi, unafanya nini? Hawa ni wa macho."

"Nimeshafika," akasema. "Na Jenista ameacha kazi zake kwa ajili yangu."

Akakaa. Nikakaa naye. Zamu yake ilipofika Jenista aliingia naye, akakalimani kila neno, kwa ufasaha, hakuna aliyehitaji dirisha. Wakamtia mwanga machoni, wakamwambia asome herufi za ukutani, kubwa na ndogo, akazisoma zote mpaka za chini kabisa ambazo mimi sikuziona. Dokta akafurahi, akasema jambo.

"Anasema macho yako ni mazima kabisa, mama," Jenista akatafsiri. "Anasema ni mara chache kuona macho mazuri hivi."

"Mwambie asante."

"Anauliza kama kuna tatizo lingine."

Tabita alinitazama, akamtazama Jenista. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye fundo la kilemba, ukakaa pale.

"Huyu ni wa macho tu?" akauliza.

"Wa macho tu, dada."

Mkono ukashuka. "Mwambie hakuna," akasema. Tukatoka, tukateremka kutafuta gari la Tunduma.